Yule Asiyefutwa Macho

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mikono tu ndiyo imebabuka kwa pasi. Hoteli kubwa imetuletea mashuka ya ghorofa zote kwa mpigo, na joto la chumba cha pasi we acha tu. Mama Pasi, yule mkubwa wetu wa kazi, anasema mwezi huu ukiisha tutakuwa tumenyooka sisi badala ya mashuka.

Habari yenyewe ni hii: nimeingia kwenye mchezo wa kuigiza! Usicheke. Tunafanya mazoezi kwenye ukumbi ulio juu ya duka la rangi, na wote ni watu wenye kazi zao. Mchezo ni kichekesho cha zamani sana, cha wapenzi na majini. Mimi ni msichana mrefu asiyependwa. Najua utakachosema, basi usikiseme. Namkimbilia mwanaume mmoja hadi msituni, naye hataki hata kuniona. Huko msituni kuna majini, na kijini mmoja mtundu anapita akiwadondoshea watu waliolala dawa ya maua kwenye kope. Ukiamka, wa kwanza kumwona ndiye huyo huyo, umekwisha. Basi yule mwanaume anatiwa dawa, anaamka, ananiona mimi. Hapo watu wanavunjika mbavu, maana sasa yeye ndiye anayekimbiza na mimi ndiye ninayekimbia.

Huyo mwanaume anaigizwa na Fundi Saa, mwenye kibanda karibu na benki. Kimya kama kabati. Zamani hata salamu hakunipa. Wiki hii kaniomba saa yangu ya mkononi, ile inayosimama simama, kairudisha imetengenezwa, tena bure.

Kikundi chetu kina desturi yake. Kila aliyetiwa dawa jukwaani lazima afutwe macho kwa kitambaa kabla ya kushuka ngazi, na anayemfuta ni yule yule aliyemtia. Wakongwe wanasema ukitoka hujafutwa, unatoka na mchezo. Lakini Fundi Saa hafutwi. Mwongozaji kasema kwenye hadithi yule mwanaume mwingine aliyetiwa dawa anatibiwa, yeye hatibiwi hata mwisho. Anaozeshwa na dawa yake machoni, na watu wanapiga makofi. Kwa hiyo abaki nayo mpaka siku ya onyesho. Tulicheka sote. Nilipofika chini ya ngazi nikageuka, nikamkuta bado amesimama juu ananitazama, nikaacha kucheka. Ni upuuzi tu, najua.

Mwanao,
Ngongoti

9 Machi

Ngongoti wangu,

Marahaba. Barua yako niliwasomea wateja wangu kwa sauti, na mmoja alicheka hadi akatikisa kichwa nikapotea mstari wa msuko. Ilibidi nifumue upande mzima. Kwa hiyo una deni la jasho langu.

Sasa nikuulize. Mwanaume mkimya, ana kazi yake ya mikono, kakutengenezea saa bure, anakutazama ukishuka ngazi, na wewe unaogopa? Makubwa! Wenzako wanamtafuta wa hivyo kwa tochi. Lakini wewe ndivyo ulivyo tangu utotoni. Mtu akikusifu unakimbilia nyuma ya pazia, urefu wote ule, na miguu inaonekana chini.

Hayo ya kufutwa na kutofutwa ni ya watu waliokosa kazi. Mimi siku ya harusi yangu hakunifuta mtu, na marehemu mume wangu alinipenda mpaka tunamzika. Mara nyingine alinichosha, lakini alinipenda.

Mpe nafasi. Akikusalimia, itika. Akitaka kukusindikiza, sindikizwa. Na umwulize kama anatengeneza na za ukutani, maana hii yangu tangu msiba haijapiga hata mara moja.

Shangazi yako asiyechoka kukusema

20 Machi

Shangazi,

Barua hii usiisome kwa sauti. Tafadhali, ngoja wateja waondoke.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwambia habari za saa yako ya ukutani, akauliza unakaa mji gani, nikamwambia. Nikakubali anisindikize hadi kituoni. Njia nzima hakusema neno lake mwenyewe hata moja. Alikuwa ananiambia maneno ya mchezo, yale anayosema akiamka na dawa machoni, kwamba mimi ni kisima na yeye ana kiu, kwamba aliyempenda jana hamkumbuki hata sura. Nikacheka, nikamwambia, Fundi, mazoezi yamekwisha. Akangoja nimalize kucheka, akaendelea pale pale alipoishia.

Sasa yupo kila niendako. Dirisha la chumba cha pasi linatazama ukuta wa shule, ng'ambo ya barabara. Anasimama hapo. Haji karibu, hapungi mkono. Kibanda chake kimefungwa mchana kweupe, na yeye amesimama. Mama Pasi alimwendea akamtolea maneno. Alijibiwa kwa adabu, shikamoo mama, samahani mama, na hakuondoka. Leo tangu asubuhi hayupo ukutani. Ungedhani nitapumua, lakini nimeunguza mashuka mawili kwa kuwaza yuko wapi.

Halafu kuna hii saa. Baada ya mazoezi mimi hubaki nyuma kidogo kuninginiza nguo za jukwaani, kisha naungana na wenzangu getini tuondoke pamoja. Siku hizi nikifika getini wameshakwenda, yupo yeye tu. Nikawa najilaumu kwa uzembe. Jana nimeilinganisha saa na redio: iko nyuma. Nikaisogeza. Asubuhi iko nyuma tena. Shangazi, hakuitengeneza ile saa. Aliifundisha kuchelewa.

Nilimwomba Muuza Viatu, ndiye anayeigiza kijini, amfute macho hata kwa utani. Akachukua kitambaa, akamsogelea. Fundi Saa akamdaka mkono, akamwambia polepole, "Bado." Mkono wa Muuza Viatu umebaki na alama, na bado anasema ni mzaha. Mwongozaji ndiye aliyefurahi kuliko wote. Anasema mchezo umemwingia mtu damuni, na sote tungekuwa hivyo tungefika mbali.

Naogopa, Shangazi. Nakuambia wewe kwa sababu wengine nikiwaambia wanacheka.

Mwanao,
Ngongoti

21 Machi

Ngongoti wangu,

Kaa kwanza. Umekaa? Kijana wako jana amekuja!

Jibu lako sijalipata, ila nimeshindwa kusubiri. Kapanda basi la asubuhi, kafika mjini, kauliza nyumba ya msusi mrefu mwenye maneno mengi, na watu wakamleta moja kwa moja hadi mlangoni. Nitawashughulikia. Kavua viatu, kanisalimia hadi magoti yanakaribia sakafu. Kaishusha saa ya marehemu, kaitandaza mezani vipande vipande, kila kimoja kakisugua, na sasa ninavyoandika inapiga. Nililia, sikufichi.

Tumeongea sana. Tuseme mimi nimeongea sana, yeye kasikiliza. Mwanaume anayesikiliza, mwanangu! Nimemweleza ulivyokuwa mdogo. Nimemwambia nakuita Ngongoti na hakuna mwingine duniani anayekuita hivyo. Nimemwambia unavyochoka, unavyolala na dirisha wazi kwa sababu joto la pasi linakufuata hadi kitandani. Aliuliza kama unakaa mahali salama, nikaona huyo ndiye mwanaume, nikamwambia chumba ni kile cha nyuma chenye ngazi ya nje, na mwenye nyumba ni mtu mwema, ila Jumamosi huenda kwa binti yake, unabaki peke yako. Nikamsihi akikutembelea aende mchana kama mtu mstaarabu. Akasema, "Ahsante, Shangazi." Kaniita Shangazi!

Ameahidi kurudi, eti kuna springi moja hajaridhika nayo. Haya, na wewe nipe raha, niandikie mambo mazuri.

Shangazi yako mwenye furaha

30 Machi

Shangazi,

Barua yako Mama Pasi kaniletea leo. Juzi ilikuwa Jumamosi.

Mwenye nyumba alikuwa ameshaondoka. Nilikuwa nafua. Nikasikia hatua kwenye ngazi ya nje, halafu mtu akasema mlangoni, karibu kabisa na mbao, "Ngongoti." Nilidhani umekuja. Nani mwingine angeniita hivyo? Nilikwenda mbio, mikono ina povu, nikafungua kwa ufunguo, nikashika kitasa. Kilichoniokoa ni kwamba aliendelea kusema. Nikarudisha ufunguo. Aliyasema maneno ya mchezo yote hadi mwisho, na kila penye jina la yule msichana wa mchezoni alilitoa akatia langu. Kisha akavuta kiti cha mwenye nyumba, akakaa pale kwenye ngazi. Dirisha lilikuwa wazi, na mimi nilikuwa nimekaa chini ya kitanda. Alikaa hadi mwenye nyumba aliporudi. Mwenye nyumba alimkaribisha maji.

Nimehama, na kazini siendi kwa sasa. Sikuambii niko wapi. Najua hukukusudia, lakini umempa kila kitu, na nikikuambia na hapa utampa, kwa sababu anajua kusikiliza.

Nilitaka kujitoa kwenye mchezo. Wamenijia juu wote: mabango yameshabandikwa, hakuna mwingine anayejua maneno yangu, onyesho ni Jumamosi ya tarehe 11. Nimekubali kwa sharti kwamba asinishike. Mwongozaji kasema sawa, huku anatabasamu.

Mwanao

3 Aprili

Mwanangu,

Barua zako mbili, ile ya tarehe 20 na hii, zimenifikia jana kwa pamoja. Mleta barua wetu alikuwa anaumwa, na za mtaa mzima zilirundikana. Laiti ile ya kwanza ingefika siku yake.

Nikueleze zilivyofika. Fundi alikuwa hapa. Alikuwa amepanda kiti, amefungua tumbo la saa, mimi namsuka mteja. Mleta barua akanipa mkononi. Kuona mwandiko wako nikafurahi, nikamwambia Fundi, "Haya, mwenzako kaandika!" nikafungua palepale. Ndipo nikasoma kwamba nisisome kwa sauti.

Nilizisoma zote mbili nimesimama, nikitabasamu. Tabasamu lilikuwa limeshakaa usoni, nikaogopa kuliondoa. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Fundi hakugeuka. Akauliza huku anaendelea na kazi, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anakusalimia."

Akashuka kwenye kiti, polepole, akaja akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono. Hakusema nipe. Alinyoosha tu mkono akangoja. Mimi, mwanamke niliyewahi kumfukuza mwizi kwa chanuo, nilirudi nyuma hatua moja. Nikaziachia barua zikaanguka kwenye beseni la maji ya kuoshea nywele, nikajifanya zimeniponyoka, nikaingiza mikono nikazifikicha kama tambara. Akayatazama maji yanavyogeuka bluu. Halafu akainama, akaokota bahasha iliyobaki sakafuni, hii yako mpya, akavaa ile lenzi yake ya jichoni, akausoma mhuri wa posta. Akanirudishia bahasha. "Ahsante, Shangazi." Akaondoka, saa kaiacha wazi.

Mhuri una jina la posta ya huko uliko. Toka hapo. Toka leo. Barua hii siipeleki posta, nampa dereva wa basi aifikishe kwa Mama Pasi mkono kwa mkono. Na kwenye onyesho usiende. Nakuomba kwa jina la kaka yangu, baba yako, usiende. Mimi nakuja.

Umesema wanacheka wote. Mimi ndiye niliyecheka wa kwanza, na nina aibu hata ya kujitazama kwenye kioo cha wateja.

Shangazi yako

7 Aprili

Shangazi mheshimiwa,

Shikamoo. Nilikwenda mtaa wenye ile posta. Nimebisha nyumba moja baada ya nyingine, watu wema sana, ila sikumpata. Sikukasirika. Siku ile nilikuona unavyotabasamu, nikajua umeambiwa uniogope. Usiniogope. Mimi simdhuru mtu. Wala si mimi ninayetaka haya, ni hiki nilichotiwa. Niliamka, na Ngongoti ndiye wa kwanza niliyemwona. Ningefanya nini?

Samahani kwa kuiacha saa wazi. Nitaimalizia tutakapokuja pamoja.

Jumamosi atakuja tu, maana ni mtu wa kutimiza neno lake. Pale jukwaani hakuna mlango. Na mwisho wa mchezo tunaozeshwa. Nimekuwekea kiti cha mbele.

Mkwe wako,
Fundi Saa

14 Aprili

Shangazi,

Nimefika salama. Barua hii atakupa Mama Pasi, na jibu lako mpe yeye.

Ile uliyompa dereva niliipata, na niliipata mapema. Nilikwenda kwenye onyesho nikijua. Nilikuwa nimechoka kuhama, Shangazi. Nilisema moyoni, mbele ya ukumbi mzima hatathubutu. Huo ulikuwa ujinga wangu.

Nilikuona ulivyokaa mbele na kitambaa chako cha kichwa. Watu wote walikuwa wanacheka isipokuwa wewe, nikawa naigiza kwa kuutazama uso wako. Aliponishika mkono nikasema, "Niache." Wakacheka. Nikasema, "Jamani, hii haimo kwenye mchezo, nisaidieni." Wakacheka zaidi, mwingine akapiga mluzi. Usichokiona, kwa sababu ulikuwa upande wa pili, ni kwamba alikuwa amekandamiza kidole gumba kwenye mshipa wangu, na kwa sauti ya chini alikuwa ananihesabia mapigo ya moyo, kichwa amekiinamisha, vile anavyosikiliza saa. "Inakwenda mbio," akaniambia. "Nitaituliza." Nikautafuta tena uso wako.

Kisha nikakuona unapanda. Wanawake wa pasi walinivuta kwa mlango wa nyuma mara uliponitoa mikononi mwake, kabla sijakukumbatia. Sijui kilichoendelea. Niambie ukweli, walimfanya nini?

Nakupenda. Lakini bado sijaweza kukuandikia niko wapi. Nimejaribu kwenye karatasi hii mara kadhaa, na kila nikifika hapo mkono unagoma. Usinione mtoto mbaya.

Mwanao

18 Aprili

Mwanangu,

Umetaka ukweli. Hawakumfanya kitu.

Nilipopanda walidhani na mimi nimo kwenye mchezo, wakanishangilia. Nilimbandua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye mkono wako, na kila kidole walipiga makofi. Ulipotoka tu, akaketi katikati ya ile miti ya makaratasi, akaanza kulia. "Nifuteni. Si mimi. Nifuteni." Hapo ndipo ukumbi uliponyamaza. Wewe ulipoomba msaada hawakunyamaza, yeye alipolia wakanyamaza! Muuza Viatu akaja na kitambaa, akamfuta macho, na nakuambia watu walitoa leso.

Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nikakichomoa kile kichupa cha dawa kwenye mfuko wa Muuza Viatu, nikakinywa mbele yao hadi tone la mwisho. Maji na sukari tu, ili yang'ae kwenye taa. Nikawaambia, "Nimekunywa yote, na huyu namwona vile vile alivyo. Hakutiwa kitu." Mwongozaji akanishika bega, eti mama, mapenzi ni ugonjwa, tumhurumie. Nikaenda polisi, nao wakaniuliza: Kampiga? Hapana. Kamwibia? Hapana. Wakasema hayo ni ya mapenzi, mkayamalize nyumbani. Kibanda chake kimeshafunguliwa, na Mama Pasi anasema wateja wameongezeka.

Jana alikuja hapa. Mchana, mtaa umejaa watu. Alivua viatu mlangoni kama kawaida yake. Nilimwona dirishani: ameshafutwa, na macho ni yale yale. Alisema amekuja kumalizia saa. Sikumfungulia. Akakaa kizingitini, akaanza kuongea na mlango. Alisema amepona. Alisema anataka kukuomba msamaha tu, basi, na hataki hata kukuona. Nimtajie mtaa, aandike barua. Alilia, mwanangu, kilio cha mtu mzima, na mimi ndani hapa nikamwonea huruma. Baada ya yote! Nilisikia kabisa mdomo wangu unataka kufunguka. Nilishukuru Mungu kwamba sikuwa na cha kumwambia.

Aliondoka jioni. Amesema atarudi.

Kwa hiyo mkono wako ukigoma, usiulazimishe. Mimi najijua. Nitakuuliza. Nikiugua nitakuuliza, nikikukumbuka nitakuuliza, nitalia, nitakuambia huna adabu na kwamba nimekulea bure. Usiniambie.

Shangazi yako